Daraja la Kwanza na Daraja la Biashara: Tofauti Iko Wapi?

Mtu wa Kilosa analijua daraja la kwanza tangu enzi za babu zake, kwa kuwa reli ilifika pale mwaka 1909. Katika treni za Reli ya Kati ziendazo Kigoma na Mwanza, daraja la kwanza ni chumba cha vitanda viwili chenye mlango wa kufunga. La pili ni vitanda sita, na la tatu ni viti, unasinzia umekaa hadi kukuche. Daraja la biashara limeingia Kilosa juzi tu, mwaka 2024, na treni ya umeme ya SGR: kiti kipana, miguu inanyooka, nauli inapanda. Kitanda hakuna, wala hakihitajiki, maana safari ya kwenda Dar es Salaam haifiki saa tatu.

Angani mambo yalikwenda vivyo hivyo, la kwanza likitangulia na la biashara likifuata baadaye sana. Miaka ya 1970 mashirika yalianza kuuza tiketi za bei ya chini kujaza ndege. Mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili akajikuta bega kwa bega na mtalii aliyelipa nusu yake, akalalamika. Mwaka 1978 na 1979, Pan Am, British Airways na Qantas zikamtengea sehemu yake katikati ya ndege. Haikuwa anasa kubwa. Lilikuwa eneo tulivu kidogo lenye huduma bora kuliko kule nyuma, na daraja la kwanza likabaki juu kabisa.

Kilichovuruga mpangilio huo ni kitanda. Katikati ya miaka ya 1990 British Airways iliweka viti vinavyolala bapa katika daraja la kwanza, na mwaka 2000 ikaviweka hata katika daraja la biashara. Hapo abiria wakaanza kuuliza, na kwa haki kabisa: kama huku nalala nikajinyoosha, ya nini kulipa zaidi? Mashirika mengi yakaliondoa daraja la kwanza. Air Tanzania haina daraja hilo katika Boeing 787-8 yake iliyowasili mwaka 2018: viti 22 vya biashara, 240 vya kawaida, basi.

Palipobaki daraja la kwanza, kinachouzwa ni nafasi na faragha. Chukua Boeing 777-300ER ya Emirates katika mpangilio uliotumika kwa miaka mingi, uhesabu viti katika safu moja kutoka dirisha hadi dirisha. Nyuma ni kumi. Biashara ni saba, viwili, vitatu, viwili, kwa hiyo mtu aliyelipa mamilioni anaweza kukaa katikati ya wenzake wawili na kumruka jirani aliyelala ili aende chooni. Daraja la kwanza ni vinne tu, kila kimoja na mlango wake, na ndege nzima ina vinane. Mwaka 2017 shirika hilo likatoa muundo mwingine wa vyumba vitatu kwa safu, vilivyofungwa hadi juu. Chakula huko unaagiza saa unayotaka, na katika Airbus A380 kuna hata bafu la kuogea.

Yapo mambo ambayo nauli haiyagusi. Mbele ni kimya zaidi kwa sababu mngurumo wa injini unaachwa nyuma, lakini si mahali patulivu kuliko pote. Ndege ikitikiswa na hewa, kitovu cha uzito wake kiko karibu na mabawa, hivyo pua na mkia ndivyo vinavyorushwa zaidi. Anayeugua kichefuchefu atafute kiti cha usawa wa mabawa, ambako mara nyingi ni daraja la kawaida. Hata hewa ni ya wote: 787 hushikilia mgandamizo ndani kama wa mwinuko wa mita 1,800, wakati ndege za zamani hufikia mita 2,400, na nafuu hiyo ya kichwa na koo wanaipata abiria wote 262.

Ukitoka Kilosa ukashuka kusini hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, unakutana na usafiri wa anga usio na madaraja kabisa. Ndege zinazotua kwenye uwanja wa hifadhi ni ndogo, kama Cessna Caravan ya injini moja, abiria dazeni hivi. Mizigo hupimwa, kwa kawaida mwisho kilo 15, tena katika begi laini linaloweza kusukumwa ndani ya buti iliyo chini ya tumbo la ndege. Abiria wanaweza kupangwa kwa uzito wao, mzito huku, mwepesi kule, ndege isielemee upande. Kwa kuwa haina mgandamizo wa ndani, Caravan hairuki juu sana, na kila mtu ana dirisha karibu: mbuga ya Mkata chini, milima ya Uluguru upande wa mashariki. Panapokuwa na rubani mmoja, kiti cha kando yake mara nyingine hupewa abiria, kwa nauli ile ile ya aliyekaa nyuma kabisa.