Ukitaka Kuongeza Vyumba, Anza kwa Kamba na Vigingi

Wakulima wenzangu, baada ya mavuno watu wengi hupata nafasi na fedha kidogo, na wengi huanza kufikiri habari za nyumba. Hilo ni jambo jema. Nyumba nyingi za kwanza katika mashamba ya skimu zilikuwa za vyumba viwili tu, kwa maana kazi ya wakati ule ilikuwa kufyeka, kulima na kulipa deni la shamba. Watoto wakikua, nyumba haitoshi. Lakini kuongeza chumba si kama kuongeza mstari wa kabichi. Kabichi zikienda vibaya utazing'oa na kupanda nyingine. Ukuta wa mawe ukienda vibaya utabaki hapo mpaka wajukuu wako waukute.

Nataka kuwaeleza habari za mzee mmoja wa skimu yetu. Siku moja alikuja afisini akiwa na karatasi iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Alikuwa ametoka Nairobi kumtembelea mwanawe anayepanga chumba huko Kawangware, na huko aliona vyumba vimejengwa vikigusana, mgongo kwa mgongo. Alitaka kusukuma vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake ya zamani kwa namna ile ile.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana watu wengi hapa huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, "watu wa Nairobi wanajua kujenga. Ukuta mmoja unatumika pande mbili, na mawe yanabaki."

Sikubishana naye, kwa kuwa juu ya mawe alisema kweli. Lakini juma lililofuata nilikuwa na safari ya Nairobi kwa kazi ya afisi, nikamwomba aniruhusu nikaione ploti ile kwa macho yangu.

Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, na zamani palikuwa mashamba ya watu kama sisi. Mji ulipokua, wenye mashamba waligawanya ardhi na kujenga vyumba vya kupangisha. Kijana yule alinipokea vizuri, akanionyesha jinsi ploti ilivyojengwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, yenye madirisha mbele na nyuma. Kisha mwenye ploti akaongeza mstari wa vyumba mbele, na baadaye mstari mwingine nyuma. Kila mstari mpya uliziba madirisha ya mstari wa zamani. Siku ile, saa sita mchana, ilibidi kijana awashe taa ndipo nione kiti cha kukalia.

Mkewe alikuwa akipika kwa jiko la makaa mlangoni, na mtoto wao mdogo alikuwa akikohoa. "Mvua ikinyesha tunaliingiza jiko ndani," kijana alisema. "Tutafanya nini?" Nilimwonya kwamba jiko la makaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu isiyonusa, na watu wamelala na jiko kama hilo wasiamke tena. Alijua. Lakini chumba hakikuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Kutoka Kawangware mpaka Kibera si mbali. Ukivuka Barabara ya Ngong unakaribia kufika. Basi nilikwenda huko pia, nione chumba kinachojulikana sana cha Kibera, futi kumi kwa kumi, cha kuta za udongo na fito au mabati. Ndani yake watu hupika, hula, husoma na kulala, na pazia ndilo ukuta wa kugawa baba na watoto. Vijia vilivyo kati ya nyumba ni vyembamba hata gari la kuzima moto haliwezi kupita.

Msidhani ya kuwa watu wa Kibera hawana akili ya kujenga. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa mahali pale wakae, na mwaka wa 1918 ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 ilitengwa. Palikuwa na nafasi ya nyumba na ya bustani. Baadaye sehemu kubwa ilichukuliwa kwa mitaa mingine ya mji, na watu wengi wakaja kutafuta kazi. Hatimiliki ya Wanubi, waliyopewa mwezi wa Juni mwaka wa 2017, ni ya ekari 288. Wengine wengi wamejenga juu ya ardhi isiyo yao, na mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hawezi kuweka mawe na madirisha makubwa. Kila futi ni kodi ya mtu.

Wao wamelazimishwa na ufinyu. Lakini wewe mwenye ekari zako, ni nani anayekulazimisha kujenga chumba chenye giza?

Niliporudi nilimwendea mzee nyumbani kwake, nikiwa na kamba, vigingi na tepu ya kupimia. Tulipigilia vigingi kwa kufuata karatasi yake, tukafunga kamba kuonyesha kila ukuta. Kisha nikamwomba aingie katika chumba cha zamani cha kulala aniambie dirisha lake litatazama wapi. Alisimama kitambo. "Litatazama chumba kipya," akasema.

Hapo mkewe, aliyekuwa ametusikiliza tu, akaja. "Baba Watoto," alisema, "na moshi wa jiko langu utapita wapi? Utapita sebuleni kama ulivyopita miaka yote hii?" Akashika kigingi, akaking'oa, akakipeleka upande mwingine.

Mpaka jioni tulikuwa tumehamisha vigingi mara nne. Haikugharimu hata shilingi moja. Mwishowe vyumba vitatu havikukaa nyuma ya nyumba. Vilianzia pembeni na kupinda kama kiwiko cha mkono, jiko likiwa mwisho kabisa, upande ambao upepo huchukua moshi nje. Mama akisimama jikoni ataona zizi na lango. Mawe yalizidi kidogo kuliko hesabu ya mzee, lakini hakuna dirisha lililozibwa.

Basi wewe unayetaka kuongeza vyumba, fuata mambo haya:

1. Kila chumba kiwe na angalau ukuta mmoja unaotazama nje, nao uwe na dirisha. Dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinataka dirisha la futi 4 kwa futi 2 na nusu.

2. Jiko liwe na mlango wake na njia ya moshi. Moshi wa kuni huleta homa ya mapafu kwa watoto wadogo.

3. Choo cha shimo kiwe mbali na nyumba, na kisiwe karibu ya mita 30 na kisima, wala kisiwe upande wa juu wa kisima.

4. Msingi mpya uchimbwe mpaka udongo mgumu. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi uondolewe wote, ama sivyo ukuta mpya utajitenga na wa zamani. Sakafu iinuliwe inchi 6 au zaidi juu ya ardhi, ilingane na ya zamani. Kama unafikiri kujenga ghorofa siku moja, mwambie fundi sasa, kwa maana msingi wa nyumba ya chini hauwezi kuibeba.

5. Angalia maji ya paa yatashukia wapi. Mahali ambapo paa mbili zinakutana katikati ya nyumba ndipo panapovuja. Paa ya mita za mraba 50 ikipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 1,000. Afadhali ziingie katika tangi kuliko katika msingi.

6. Kabla ya kununua mawe, peleka mchoro wako katika afisi ya kaunti upate kibali.

Na jambo la mwisho: siku ya kupigilia vigingi, mwite mama wa nyumba. Fundi atakaa katika nyumba hiyo mwezi mmoja. Yeye atakaa humo maisha yake yote.