Diski Ipo, Seva Haiioni: Tufanye Nini?

 

Sauti za darsa, matokeo ya mitihani na orodha za wanafunzi siku hizi huweza kuwekwa katika kompyuta moja inayozihudumia nyingine, yaani seva. Diski mpya za seva ni ghali, kwa hiyo wengi wetu hununua au hupewa zilizokwisha tumika katika makampuni makubwa. Tukiichomeka, taa inawaka na diski inanguruma, lakini ukurasa wa kusimamia seva, tuseme ule wa TrueNAS (zamani FreeNAS), hauionyeshi, au unaionyesha na kukataa kuitumia. Mtu husema imekufa, akaitupa. Mara nyingi diski hiyo ni nzima.

Mambo mepesi tuyaangalie kwanza. Diski ya SAS haiingii katika tundu la SATA, inahitaji kadi yake. Na kadi nyingine za RAID huzificha diski, zikauonyesha mfumo kile tu zilichokipanga zenyewe. Hapo dawa ni kadi inayozipitisha diski moja kwa moja.

Linalowachanganya watu hasa ni ukubwa wa sekta. Diski haiandiki data kwa mkupuo, huigawa katika vipande vinavyoitwa sekta. Kwa kawaida sekta moja ina baiti 512, au 4096. Lakini nyingi katika diski zilizotoka kwenye makabati ya data ya NetApp au EMC zina baiti 520. Hizo 8 za ziada ni za nini? Aliyewahi kufungua kitabu cha fiqhi chenye hashiya ataelewa upesi: matini iko katikati, na pembeni pana maandishi ya kuihudumia. Baiti 512 ni matini, 8 ni hashiya. Katika utaratibu uitwao T10, baiti 2 ni hesabu ya kuhakiki kwamba data haikuharibika, 2 ni alama ya programu inayoitumia, na 4 hutaja mahali pa kipande hicho. Huo ni ulinzi mzuri, wala si kasoro. Ila Linux haizipokei sekta za 520. Huandika katika kumbukumbu zake kwamba ukubwa huo haukubaliki, na kuipa diski ukubwa wa sifuri. Ukurasa wa usimamizi nao hauna la kufanya na diski ambayo mfumo ulio chini yake umeikataa.

Dawa ni kuipanga upya kwa zana za sg3_utils. Amri lsscsi -g hutaja majina ya diski, kisha huandikwa:

sg_format --format --size=512 --fmtpinfo=0 /dev/sg2

Hiyo sg2 ni mfano tu. Amri hii hufuta kila kitu, na ukikosea jina utafuta diski yenye darsa za miaka. Basi namba ya mfululizo ya diski inayoonekana kwenye kioo ilinganishwe na ile iliyobandikwa juu ya diski yenyewe, na wawili waisome.

Kuna na haki ya mwenye diski. Iliyotoka hospitali huenda ina majina na maradhi ya watu. Kuonekana tupu kwenye ukurasa si dalili kwamba ni tupu, kwani zipo zana za kuisoma. Kuchungulia yaliyomo ni tajassusi, iliyokatazwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 12. Aliyetoa aulizwe kwanza: je, anayo nakala ya data yake? Akisema hana, diski irudi kwake kama ilivyo, hata kama seva yetu imejaa.

Kazi yenyewe huchukua saa nyingi kwa diski kubwa, na umeme usikatike katikati, kwani diski huweza kukataa kusomwa mpaka amri irudiwe. Iunganishwe na UPS. Ikimaliza, washa seva upya, diski itatokea na ukubwa wake halisi. Kabla ya kuiwekea chochote, endesha smartctl -a uangalie hesabu ya sehemu zilizoharibika tangu ilipotoka kiwandani. Kama hesabu hiyo inaongezeka wiki hadi wiki, itoe.