Hotuba za Sayansi kwa Watu Wote: Habari za Jiji la London

Ukifika London na kukuta jioni moja huna kazi, hutahangaika sana kutafuta mahali pa kusikiliza habari za nyota, za wadudu, za moyo wa mwanadamu au za mawe ya kale. Mahali pengine utanunua tikiti. Pengine utaingia bure, utaketi, utamsikiliza mtaalamu kwa muda wa saa moja, na mwisho utanyosha mkono uulize swali lako. Hakuna atakayekuuliza una cheti gani.

Desturi hii si ya juzi. Mfanyabiashara tajiri, Sir Thomas Gresham, aliacha wosia kwamba sehemu ya mali yake iwalipe walimu watakaowafundisha watu wa mji bila malipo. Hotuba zikaanza mwaka 1597: elimu ya nyota, jiometri, utabibu, sheria, muziki na nyinginezo. Hapo mwanzo zilisomwa kwa Kilatini asubuhi na kwa Kiingereza mchana, ili msomi na mfanyabiashara wa kawaida wote wapate haki yao. Chuo cha Gresham kipo hata leo. Hakitoi digrii, kazi yake ni hotuba za bure, na aliye mbali huzitazama kwa intaneti.

Lakini nyumba ninayotaka tukae kidogo mlangoni pake ni ile yenye nguzo kubwa katika barabara ya Albemarle. Yaitwa Royal Institution, nayo ilianzishwa mwaka 1799.

NGAZI ILIYOBOMOLEWA

Waanzilishi wake walisema kwamba nia yao ni kueneza maarifa, na kuifanya sayansi iwafae watu katika maisha ya kila siku. Thomas Webster, aliyechora ukumbi wa hotuba, aliyaamini maneno hayo kama yalivyosemwa. Alitaka mafundi wa mikono, yaani maseremala, waashi na wahunzi, nao waje wasikilize. Akawawekea ngazi ya mawe iliyotoka barabarani moja kwa moja hata roshani ya juu.

Sasa kumbuka miaka ile ilikuwa miaka gani. Ufaransa ilikuwa imefanya mapinduzi, mfalme ameuawa, na wakubwa wa London walikuwa na hofu juu ya kila jambo liwezalo kumfumbua macho mtu wa chini. Webster akaulizwa kwa ukali ana maana gani kutaka kuwafundisha sayansi watu kama hao. Mpango ukaachwa kimyakimya, na ile ngazi ikabomolewa.

Basi ukumbi ukawa wa wenye fedha, nao waliujaza kwelikweli. Mwaka 1801 alikuja pale kijana mwenye ulimi mtamu, Humphry Davy, na hotuba zake za kemia zikawa gumzo la mji. Husemwa kwamba Albemarle ndiyo barabara ya kwanza ya London kuamriwa magari yapite upande mmoja tu, kwa sababu ya msongamano wa magari ya farasi yaliyowaleta wasikilizaji. Kati ya wasikilizaji hao alikuwamo mwanamke mmoja, Jane Marcet. Yeye aliona kwamba mambo ya hotuba hupita upesi mno kwa mtu asiyekuwa na msingi, akaandika kitabu cha kemia kwa namna ya mazungumzo baina ya mwalimu mwanamke na wasichana wawili. Usikisahau kitabu hicho.

SHILINGI YA KAKA

Mwaka 1791 alizaliwa London mtoto wa mhunzi, jina lake Michael Faraday. Baba alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na nyumba yao iliijua njaa. Alipokuwa na miaka 14 Michael alipelekwa kuwa mwanagenzi kwa muuza vitabu aliyekuwa pia mjalidi, George Riebau, na huko akakaa miaka saba. Vitabu alivyovishona mchana alivisoma usiku, na kimoja kilikuwa kile cha Jane Marcet.

Pale mjini palikuwa na mwalimu aitwaye John Tatum, aliyetoa hotuba za sayansi nyumbani kwake jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila hotuba. Kwa mwanagenzi, shilingi moja haikuwa fedha ya kuchezea. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Mimi husema Robert Faraday astahili kutajwa katika kila kitabu cha historia ya umeme, ingawa ni vichache vimtajavyo.

Kisha, mwaka 1812, mteja mmoja wa dukani alimpa kijana huyu tikiti za kwenda kusikiliza hotuba nne za mwisho za Davy kule Albemarle. Michael akaenda, akaketi juu rosheni, akaandika. Nyumbani akaandika tena kwa mwandiko mzuri, akachora picha za vyombo, akajalidi kurasa zote kuwa kitabu, akakipeleka kwa Davy mwenyewe pamoja na barua ya kuomba kazi. Nafasi ilipotokea mwezi wa Machi mwaka 1813, aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara, akapewa vyumba viwili juu kabisa ya nyumba.

Mwaka 1831, katika nyumba ileile, Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya. Mtambo wa bwawa unaoleta taa mjini, na hata dainamo ya baiskeli, hufanya kazi kwa njia hiyo. Ngazi ya mafundi ilikuwa imebomolewa, na mtoto wa mhunzi aliingia kwa tikiti ya kupewa. Mtu ajiulize ni wangapi ambao hawakupewa.

MSHUMAA MMOJA, HOTUBA SITA

Faraday hakusahau alikotoka. Mwaka 1825 zilianzishwa hotuba za Krismasi kwa ajili ya vijana, na yeye mwenyewe alizitoa mara 19. Iliyo mashuhuri kupita zote yahusu mshumaa, aliyoitoa mwaka 1848 na tena mwishoni mwa mwaka 1860. Kitabu chake hupigwa chapa hata leo.

Mshumaa! Hotuba sita nzima. Lakini tazama alivyofanya. Nta iliyoyeyuka hukaa kama katika kikombe kidogo chini ya moto. Kikombe hicho kimetoka wapi? Hewa baridi ipandayo pembeni huupoza ukingo, kwa hiyo ukingo husimama na katikati huyeyuka. Nta hupandaje hata kwenye moto? Kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili. Tena inayowaka si nta yenyewe, ila mvuke wake: zima mshumaa kwa upole, kisha sogeza kiberiti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe, mbali kidogo na utambi. Moto utaruka na kurudi mahali pake.

Weka kijiko baridi juu ya ncha ya mwali, usikiguse kabisa. Kitafanya umande, kwa sababu mshumaa ukiwaka huzaa maji. Kiingize ndani ya mwali, kitapata masizi, na vipande hivyo vidogo vya kaa ndivyo vinavyong'aa na kutupa nuru. Mwisho Faraday aliwaonyesha watoto kwamba hewa itokayo katika mshumaa huyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa, na pumzi ya mtu nayo hufanya vivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa akitazama mshumaa akajikuta anatazama kifua chake mwenyewe.

Hotuba hizo za Krismasi zilisimama wakati wa vita tu, tangu 1939 hata 1942. Tangu 1966 huonyeshwa kila mwaka katika televisheni. Ila mwanamke wa kwanza kuzitoa, Susan Greenfield, alisimama pale mwaka 1994. Miaka 169 si kidogo.

Nao mafundi walionyimwa ngazi hawakukaa wakilia. Mwaka 1823 Dakta George Birkbeck na wenzake walianzisha chuo cha mafundi London, masomo yakatolewa jioni baada ya kazi. Wanawake wakapokewa mwaka 1830. Sasa ni Birkbeck, sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na bado wanafunzi wake wengi husoma jioni.

Siku hizi mambo yametoka hata nje ya kumbi. Tangu 2011 wanawake wataalamu husimama juu ya masanduku kando ya mto Thames na kuwaeleza wapita njia kazi zao. Mwaka 2013 wengine walianza kutoa hotuba ndani ya vilabu vya pombe, nao mpango huo umeenea nchi nyingi. Wasomaji wengine watakunja uso kusikia hayo. Mimi naona kwamba anayetaka kuwafikia watu huwafuata walipo. Na anayekunywa soda hafukuzwi.

ZAMU YA MASWALI

Lakini hotuba yote ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni yule aketiye nyuma anyoshaye mkono, na mfano bora niujuao haukutokea London. Ulitokea Iringa.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aisikrimu pamoja na wenziwe. Nafasi katika friji ilikuwa chache, kwa hiyo aliyaweka maziwa yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Alipomwuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, jambo hilo likawa mzaha wa darasa: kosa lolote liliitwa fizikia ya Mpemba.

Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akaja shuleni kutoa hotuba. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama akauliza lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliuliza kama kweli amelifanya, akaahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara, na majaribio yakaonyesha kama kijana alivyosema. Mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliwaomba watu waeleze sababu yake. Majibu 22,000 na zaidi yalifika. Mwanzoni mwa 2013 mshindi alitangazwa London, na Mpemba alikuwapo. Hata hivyo, mwaka 2016 wachunguzi wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawakuona dalili ya kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na kwamba kuhamisha kipima-joto kidogo tu chaweza kubadili jibu. Wengine hawakukubali, na mabishano yanaendelea. Aliye na friji, vikombe viwili vilivyo sawa na kipima-joto aweza kuingia katika mabishano hayo leo jioni. Apime maji yawe kiasi kilekile, aviweke vikombe mahali palepale, aandike saa.