Rob Kearney Arudi Uwanja wa Kwao

Kila nyumba iliyowahi kuwa na mstaafu inaijua asubuhi ile ya kwanza. Baba huamka saa ile ile aliyozoea kuamka kwa miaka thelathini, huoga, huvaa, hunywa chai yake, kisha hutoka barazani akakaa. Hana pa kwenda. Mama humtazama kutoka mlangoni naye hunyamaza, kwa kuwa hajui amwambie nini. Kazi imekwisha, lakini mwili na moyo bado havijapata habari.

Kwa wengi wetu asubuhi hiyo huja mtu akiwa na miaka sitini. Kwa mwanamichezo huja mapema mno, nguvu zingali mwilini na sehemu kubwa ya umri ingali mbele yake. Tangu utotoni amekuwa akipangiwa saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kufanya mazoezi. Halafu ghafla hapana wa kumpangia. Leo tutamzungumzia mmoja wa watu hao, Rob Kearney wa Ayalandi, ambaye mwaka 2021, akiwa na miaka 35, aliiaga raga iliyompa jina na riziki, akaingia katika timu ya kijijini kwao, katika mchezo mwingine usiolipa mshahara.

Raga tuijuayo zaidi hapa Kenya ni ile ya wachezaji saba, ambayo vijana wetu walitwaa kombe lake la Singapore mwaka 2016. Kearney alicheza raga ya wachezaji kumi na watano. Aliiwakilisha Ayalandi mara 95, kuanzia mwaka 2007 hadi Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Japani. Alikuwamo katika kikosi kilichoshinda michezo yote ya mashindano ya Mataifa Sita mwaka 2009, jambo ambalo Ayalandi haikuwa imelifanya tangu mwaka 1948, na akawamo tena waliporudia ushindi huo mwaka 2018. Mwezi wa Novemba mwaka 2016, mjini Chicago, alikuwa uwanjani siku Ayalandi ilipoifunga New Zealand 40 kwa 29, ushindi wao wa kwanza dhidi ya taifa hilo katika miaka 111. Mara mbili aliteuliwa katika msafara wa Simba, ile timu inayokusanya wachezaji bora wa Uingereza na Ayalandi. Alipoondoka klabu yake ya Leinster alikwenda mbali, hadi Perth nchini Australia, akacheza msimu mmoja. Kisha akasema basi.

Mtu wa sifa hizo angeweza kukaa nyumbani akahesabu medali. Kearney alirudi Cooley.

Cooley ni rasi iliyo kaskazini mashariki mwa Ayalandi, katika kaunti ya Louth, ambayo ndiyo kaunti ndogo kuliko zote nchini humo. Ni nchi ya vilima, mashamba na bahari. Huko ndiko alikokulia, na huko ndiko alikoanza kuushika mpira. Lakini mpira ule wa utotoni haukuwa wa raga. Ulikuwa mpira wa Kigaeli, mchezo wa asili wa Waayalandi. Aliuchezea klabu ya kwao iitwayo Cooley Kickhams, na akaichezea Louth katika timu ya vijana, kabla raga haijamchukua moja kwa moja.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu atasaidiwa na maelezo machache. Timu huwa na wachezaji kumi na watano kila upande. Mpira ni wa duara, nao waweza kuushika kwa mikono au kuupiga kwa mguu. Lango lina wavu kama la soka, lakini milingoti yake imepanda juu kupita mtambaa panya. Katika kanuni za mwaka huo aliorudi Kearney, mpira ukiingia wavuni ulihesabiwa pointi tatu, na ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya milingoti ulihesabiwa pointi moja. Mchezaji aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao zaidi ya hatua nne; sharti audundishe chini, au audondoshe mguuni na kuurudisha mkononi kwa ncha ya kiatu, naye haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, haurushi kama arushavyo mtu chungwa, bali huupiga kwa ngumi au kwa kiganja.

Sasa mtazame mtu aliyetumia ujana wake wote katika raga akiingia katika uwanja huo. Katika raga mpira una umbo la yai, nawe waweza kukimbia nao utakavyo mpaka uangushwe. Pasi ya mkono haiendi mbele kamwe. Huenda nyuma au ubavuni. Na kazi ya kwanza ya mlinzi ni kumkumba mwenye mpira, kumkumbatia kwa mikono miwili na kumlaza chini. Katika mpira wa Kigaeli pasi huenda upande wowote, hatua huhesabiwa, na kumkumbatia mtu ukamwangusha ni kosa. Lile lililompa mwanaraga mshahara na sifa ndilo linalomfanya mwamuzi apulize kipenga.

Hapo ndipo ulipo ugumu halisi wa kuhama. Watu hudhani kwamba kujifunza jambo jipya ndiko kunakomchosha mtu wa makamo, lakini kulisahau la zamani ni kuzito zaidi. Mikono iliyofundishwa kukumba kwa miaka kumi na mitano hukumba yenyewe kabla akili haijasema usifanye. Miguu iliyozoea kukimbia na mpira hupita hatua ya nne bila ya kuomba ruhusa. Uwanja nao ni mkubwa zaidi: una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90, hali wa raga, kutoka mstari hadi mstari, haupiti mita 100 kwa 70. Mwili uliojengwa kwa ajili ya kugongana sasa watakiwa kukimbia masafa marefu, kugeuka, kisha kukimbia tena nyuma ya vijana wa miaka ishirini. Na vijana hao hawana deni naye. Mpira ukidunda vibaya mguuni pake, jina lake kubwa halitaurudisha mkononi.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwa Kearney kulikuwa kwa namna mbili. Kwanza, kuwa mwanafunzi tena mbele ya watu waliokuwa wakimtazama katika televisheni. Pili, kucheza bila ya malipo. Chama kinachosimamia michezo ya Kigaeli kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles, na hadi leo wachezaji wake hawalipwi mshahara. Hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park mjini Dublin, unaochukua watazamaji zaidi ya 82,000, Jumatatu hurudi kazini kwao: huyu mwalimu, huyu mkulima, yule fundi wa umeme. Aghalabu mtu huichezea klabu ya mahali alipozaliwa na kukulia, pamoja na ndugu zake, majirani na wale aliosoma nao. Basi anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi hapati mwajiri mpya. Hupata watu wake.

Safari kama hiyo haikuwa ikiruhusiwa zamani. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 1971, kanuni za chama hicho zilimkataza mwanachama kucheza au hata kutazama michezo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni, na raga ilikuwa mmojawapo. Sababu yake ilikuwa jeraha la historia. Michezo hiyo ilionekana kuwa ya watawala wa Kiingereza, na aliyeicheza alionekana kama aliyewapa mgongo wenzake. Moss Keane, mwana wa kaunti ya Kerry aliyekuja kuwa mchezaji mashuhuri wa raga wa Ayalandi, alipoanza kucheza raga chuoni alilazimika kutumia jina la uongo ili asijulikane na viongozi wa mpira wa Kigaeli. Ilimbidi kijana ajifiche kwa sababu ya kupenda michezo miwili.

Marufuku iliondolewa, na taratibu jeraha likafunga. Mwaka 2007, uwanja wa raga wa Dublin ulipokuwa ukijengwa upya, Croke Park yenyewe ilifungua milango yake kwa timu ya taifa ya raga. Miaka miwili baadaye, katika msimu ule wa ushindi wa 2009, michezo ya nyumbani ya Ayalandi ilichezwa hapo, na Kearney alikuwamo. Mtoto wa Cooley aliyelelewa katika mpira wa Kigaeli aliingia katika uwanja mkuu wa mchezo huo akiwa amevaa jezi ya raga, na hapana aliyemwambia kuwa ni msaliti.

Kisha kuna jambo moja ambalo mimi hulipenda zaidi katika habari hii. Kearney alicheza nafasi ya nyuma kabisa, jezi namba 15. Kazi kubwa ya namba hiyo ni kusimama peke yake chini ya mpira uliopigwa juu sana, wapinzani wakimjia mbio, akaruka na kuudaka kabla haujafika chini. Wengi huogopa mpira huo. Yeye alisifika kwao duniani kote, na mwaka 2012 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa klabu za Ulaya. Na ustadi huo si wa raga. Ni ustadi wa mpira wa Kigaeli, ambao moyo wake ni kuruka juu ya wenzako na kuuchuma mpira hewani kama mtu achumavyo embe mtini. Alikwenda nao kutoka Cooley akiwa mtoto, ukamfungulia milango ya dunia, kisha akarudi nao. Yale aliyofundishwa na makocha wa kulipwa ndiyo aliyopaswa kuyaacha langoni. Lile alilojifunza bure kijijini ndilo lililobaki na kazi mikononi mwake.

Wala si habari ya wanaume peke yao. Mwaka huo huo wa 2021, Hannah Tyrrell, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya raga ya wanawake ya Ayalandi, naye aliiacha raga akarudi katika mpira wa Kigaeli aliowahi kuucheza hapo awali, akajiunga na timu ya wanawake ya Dublin. Wanawake wa Ayalandi wana chama chao cha mchezo huu tangu mwaka 1974, na kanuni zao zatofautiana kidogo na za wanaume: mchezaji aweza kuuokota mpira chini kwa mkono, na kugongana miili kwa makusudi hakuruhusiwi. Dublin ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi miaka minne mfululizo. Mwaka alioingia Tyrrell, ikashindwa na Meath katika fainali.

Mama yeyote aliyewahi kurudi kazini au masomoni baada ya miaka ya kulea ataelewa uchungu wa jambo hilo. Umejikusanya, umejitia moyo, umeingia. Na mara tu ulipoingia, bahati ikatoka kwa mlango wa nyuma. Angeweza kujiambia kwamba wakati wake umepita. Hakuondoka. Mwaka 2023 Dublin iliifunga Kerry na kutwaa kombe, Tyrrell akiwamo, na mwaka 2025 ikalitwaa tena kwa kuifunga Meath ile ile.

Hatusemi kwamba kila anayeanza upya hushinda kombe. Kearney hakurudi Cooley kutafuta makombe. Alikuwa nayo ya kutosha. Lakini hawa wawili wanatuonyesha jambo ambalo wazazi tunalisahau tunapowapangia watoto maisha. Tunawaambia waache hiki, washike kile, kwa kuwa kile ndicho chenye mshahara. Mtoto anayejua kuogelea, kushona, kuchora au kuunda mashua ndogo kwa ubao tunamwona anapoteza wakati. Hatujui ni kipi kati ya hivyo kitakachombeba huko mbele, wala ni kipi kitakachompokea siku atakaporudi.

Mwacha asili ni mtumwa, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku ya kustaafu itamfikia kila mtu, awe bandarini, darasani, ofisini au uwanjani. Mshahara utakoma na kitambulisho cha kazi kitarudishwa kwa wenyewe. Heri siku hiyo awe na mahali ambapo watu wanamjua kwa jina la utotoni, na jambo moja ambalo mikono yake ingali ikilikumbuka. Kaa na mzee wako jioni moja barazani, umwulize alipenda kufanya nini kabla hajaajiriwa. Huenda akacheka kwanza. Mwache acheke, kisha umsikilize.