Tundu Moja, Uwezo Tofauti: Soko la Viunganishi vya Simu Janja

Biashara ya vifaa vinavyounganisha simu janja na flashi, diski za nje au televisheni, ambayo katika Afrika Mashariki imejikita katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huhesabiwa kuwa ndogo kwa sababu kila kifaa huuzwa kwa bei ya chini. Hata hivyo, ndiyo inayomwezesha mtu asiye na kompyuta kutunza picha za familia yake, kuhamisha kazi zake na kutazama video kwenye kioo kikubwa. Bidhaa zimejaa sokoni. Kinachokosekana ni taarifa za kweli kuhusu bidhaa hizo.

Msingi wa biashara hii uliwekwa mwaka 2001 kwa kanuni ya OTG, yaani utaratibu unaoiwezesha simu kuiongoza flashi, kibodi au kipanya kilichochomekwa kwake, kazi ambayo awali ilikuwa ya kompyuta. Programu endeshi ya Android ilianza kuviongoza vifaa vya namna hiyo katika toleo la 3.1 la mwaka 2011, na hatimaye waya mfupi wa OTG ukawa mali ya kawaida katika maduka ya simu. Uhitaji wa hifadhi ya nje umechochewa pia na watengenezaji wanaoondoa nafasi ya memori kadi, kama Samsung ilivyofanya katika Galaxy S21 mwaka 2021.

Upande wa televisheni ulikuwa na mvurugano mkubwa zaidi. Teknolojia ya MHL, iliyoanzishwa mwaka 2010, na mshindani wake SlimPort zote zilipitisha picha katika tundu dogo la chaji, lakini waya wa moja haukufanya kazi kwa nyingine. Tundu la USB-C, lililotangazwa mwaka 2014 likiwa na pini 24, lilileta umbo moja, ambalo Apple ililikubali kwa iPhone 15 mwaka 2023 na ambalo Umoja wa Ulaya uliliwekea ulazima kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Umbo kuwa moja, hata hivyo, hakukuufanya uwezo kuwa mmoja: kutoa picha kwa waya wa kawaida wa USB-C kwenda HDMI, tundu la picha la televisheni, kunahitaji simu yenye uwezo wa DisplayPort, yaani wa kupitisha picha katika tundu lake, ambao mtengenezaji halazimiki kuuweka, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Mnunuzi wa simu ya namna hiyo huchomeka waya mzima usio na kasoro, akaona kioo cheusi, akaamini kuwa ametapeliwa.

Katika flashi, udanganyifu huwa wa makusudi. Programu iliyomo ndani ya flashi bandia hurekebishwa ili iitangazie simu, kwa mfano, GB 512 ilhali nafasi halisi ni GB 32, na nafasi hiyo ikijaa, mafaili yanayofuata hupotea au huharibika bila onyo, hivyo hasara hugundulika baada ya picha kutoweka.

Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970 kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha bidhaa njema na mbovu, hukataa kulipa zaidi ya bei ya wastani, na muuzaji wa bidhaa njema hulazimika kuondoka sokoni. Hatari hiyo inalikabili soko hili, na mzigo wake humwangukia zaidi machinga, ambaye hukabiliwa na mteja mwenye hasira kwa kosa lililofanywa mbali na meza yake.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa waagizaji wa jumla, ambao wanaweza kupima flashi chache za kila shehena kwa kuzijaza kabisa na kusoma upya kilichoandikwa, kabla mali haijafika kwa wauzaji wa rejareja. Wajibu wa pili ni wa maduka: kuweka televisheni moja ya kujaribia, kuandika kwa Kiswahili kwamba waya wa picha unahitaji simu yenye uwezo wa kutoa picha, na kutoa risiti inayomruhusu mteja kurudisha mali. Vyombo vya viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya, vikidai ukubwa halisi uandikwe kwenye kila flashi na kusimamia sharti hilo, mfanyabiashara mwaminifu ataweza kutoza bei halali ya bidhaa njema, na mnunuzi atakuwa na sababu ya kuilipa.