Inveta Inaponyamaza: Namna ya Kurudisha Mawasiliano na Tarakilishi

Ilikuwa saa tisa za usiku mavyaa wangu alipoamka kunywa maji, akastaajabu kwa kimya kilichokuwa jikoni. Jokofu lilikuwa limezima. Umeme wa mtaa ulikatika tangu magharibi, na betri ya sola, ambayo tulizoea kuwa hutufikisha asubuhi, ilikuwa imekwisha. Ndani ya jokofu mlikuwamo insulini yake ya mwezi mzima, na insulini isiyofunguliwa hutakiwa ihifadhiwe katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi.

“Mwanangu,” akaniuliza, “kwani ile tarakilishi ya kutazamia betri haikuonya?”

Sikuwa na la kumjibu. Kwa wiki mbili programu ilikuwa ikiandika kwamba hakuna mawasiliano, nami nilikuwa nikiipita kila siku kwenda kuanika nguo. Alhamdulillahi, mlango wa jokofu haukufunguliwa usiku ule, na baada ya alfajiri jirani mwenye jenereta aliipokea amana yetu. Lakini somo lilikuwa limekwisha kutufika.

Ndugu msomaji, inveta ni chombo kinachobadilisha umeme wa paneli na betri ukawa wa aina itumiwayo na taa, jokofu na pasi. Mawasiliano yake na tarakilishi yakikatika, yenyewe huendelea na kazi kama kawaida. Taa huwaka, feni huzunguka, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshtuka. Kilichopotea ni macho ya mwenye nyumba: hajui tena betri imejaa kiasi gani, wala nani anaimaliza. Kabla ya kumwita fundi na kumlipa, yako mambo ambayo mama wa nyumba au kijana wake aweza kuyakagua mwenyewe.

La kwanza ni waya. Uchomoe pande zote mbili, uutazame, kisha uurudishe mpaka ukae barabara. Huku kwetu pwani, unyevu na chumvi ya bahari hula shaba. Ncha ikiwa na ukungu wa kijani, waya huo ubadilishwe. Ukitumia waya wa USB, jua kwamba ndani yake mna nyuzi mbili za umeme na mbili za kupitishia habari. Nyaya nyingine za kuchajia simu hazina hizo za habari. Taa itawaka, lakini habari hazitapita. Aidha, waya wa USB usizidi mita 5.

La pili ni tundu. Inveta nyingi zina matundu mawili au matatu yanayofanana kabisa na tundu la waya wa intaneti. Moja huwa la tarakilishi, jingine la kuzungumza na betri ya lithiamu. Waya huingia kote bila shida, ila huzungumza katika moja tu. Soma maandishi yaliyo juu ya tundu na uyalinganishe na kitabu cha inveta, kwani RS232 na RS485 hazielewani hata kama soketi zake ni sawa.

La tatu ni namba ya poti. Waya wa RS232 ukiunganishwa kwa kigeuzi cha USB, tarakilishi hukipa kigeuzi hicho namba, mathalani COM3. Kwenye Windows, fungua Device Manager utazame sehemu ya poti. Ikiwa kigeuzi hakionekani, au kina alama ya mshangao, basi draiva yake haijawekwa. Kikionekana, namba hiyo ndiyo inayopasa kuwa ndani ya programu ya inveta. Kuhamisha kigeuzi kutoka tundu moja la tarakilishi hadi jingine kwaweza kubadilisha namba.

La nne ni mwendo wa mazungumzo. Pande zote mbili ni lazima zizungumze kwa kasi moja: inveta nyingi zitumiwazo majumbani hutumia 2400, na nyingine 9600. Kitabu cha inveta ndicho hakimu. Kumbuka pia kwamba poti moja haihudumii programu mbili kwa wakati mmoja. Ifunge ya zamani kabla ya kufungua mpya.

La tano lawahusu wanaotumia kifaa cha Wi-Fi, hasa wale ambao mume au kijana yuko Ghuba na huitazama nyumba kutoka huko. Vingi vya vifaa hivi hupokea mawimbi ya 2.4 GHz peke yake, si 5 GHz. Na ukibadilisha neno la siri la intaneti, kifaa hicho nacho kielezwe, la sivyo kitabaki nje kikibisha hodi.

Tahadhari moja isisahauliwe: usifungue mfuniko wa inveta, wala usiguse vyuma vya betri. Paneli hutoa umeme maadamu jua lipo, hata swichi ya nyumba ikiwa imezimwa. Hapo ndipo mahali pa fundi.

Kwetu sisi, tatizo lilikuwa lile la tatu. Binti yangu alipofuta vumbi alikirudisha kigeuzi katika tundu jingine, na COM3 ikawa COM5. Tulirekebisha namba, na kwa dakika chache mchoro ukarejea.

Mchoro huo ndio uliotufumbua macho. Kila siku baada ya adhuhuri umeme wa paneli ulishuka ghafla, na ilipofika magharibi betri ilikuwa haijapita asilimia 60. Tulipanda darini tukaona: matawi ya mwembe wa uani yalikuwa yamekua na kuzifunika paneli mbili. Tuliyakata Jumamosi ile, na kazi ya pasi tukaihamishia saa nne asubuhi, jua likiwa na nguvu.

Siku hizi mavyaa wangu haendi kulala kabla ya kuuliza, “Betri ina ngapi?” Nami, tofauti na usiku ule, huwa nina jibu.