Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi nikipanda mlima wa kwetu karibu na Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, mwanangu wa miaka 13 akiwa mgongoni. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, wala hawezi kujilisha. Wapita njia hunisalimu kwa upole: “Mama, mtoto anaendeleaje?” Nami hujibu kuwa hajambo. Ni wachache mno waliowahi kuniuliza hali ya mgongo unaombeba.

Mgongo huo ulianza kuuma alipotimiza miaka 8. Baadaye nikapatikana na shinikizo la damu, maradhi yamnyemeleayo mtu bila dalili hata yakamwangusha. Daktari aliniagiza nimeze dawa kila siku, nirudi kliniki kila mwezi, na nisibebe kitu kizito. Ndugu msomaji, kitu hicho kizito ni mtoto wangu! Siku za kliniki zilinipita, maana sikuwa na mtu wa kumwachia. Dawa zilipokwisha, niliona heri fedha zilizopo zimnunulie yeye maziwa kwanza. Nilidhani huo ndio upendo.

Msimu mmoja wa mvua, njia ikiwa na utelezi, kizunguzungu kilinishika nikiwa naye mgongoni. Tulianguka sote. Kwa rehema za Mungu hakuumia, lakini mimi nililazwa hospitalini siku 5. Jamaa waliobaki naye nyumbani walikuwa na moyo mwema kabisa, ila hapana aliyejua kwamba hulishwa akiwa ameketishwa wima, kichwa kikiinamishwa mbele kidogo, uji uwe mzito na kijiko kiwe kidogo, tena polepole, lau sivyo chakula humwingia mapafuni. Niliporudi nilimkuta amekonda na anakohoa. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Maarifa yote ya kumtunza nilikuwa nimeyafungia katika mwili mmoja, na mwili huo wenyewe nilikuwa nimeutelekeza.

Taifa letu halikukaa kimya. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka wa 1984. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2003, na nyingine mpya ikatiwa saini 2025. Mpango wa Inua Jamii nao hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hayo ni mema. Hata hivyo, fomu zote nilizopata kujaza ziliuliza habari za mtoto. Hapana hata moja iliyouliza iwapo mzazi bado aweza kuinama.

Maoni yangu ni haya. Mzazi ampelekapo mtoto kliniki, iwe Nyamira au Kisii, naye apimwe shinikizo la damu siku iyo hiyo. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Afundishwe pia namna ya kuinua: akunje magoti, amkumbatie mtoto karibu na kifua, wala asizungushe kiuno akiwa amebeba. Kisha kila nyumba iwe na mlezi wa pili aliyefunzwa mapema, kabla ya mzazi kuanguka.

Enyi walimu, ndugu za watoto hawa wamo madarasani mwenu. Yule achelewaye asubuhi yamkini amekesha akimgeuza nduguye kitandani. Muulizeni kabla ya kumkemea. Nanyi wanafunzi, mkiwa na jirani kama mimi, ombeni kufundishwa kazi moja tu ya kumsaidia mtoto huyo.

Siku hizi binti wa dada yangu humlisha mwanangu ninapokwenda kliniki. Mwanzoni uji mwingi ulimwagika. Sasa mtoto humaliza bakuli, nami dawa zangu nazimeza kila siku.